Sala Ziandikwe, Wala Zisiwe Adhabu

Liko neno lisemwalo sana siku hizi, hata na baadhi ya walimu wenzetu, kwamba sala huombwa, haziandikwi. Neno hili lina sura njema, kama chungu kilichopakwa rangi nje. Lakini kigonge kidogo kwa ukucha, utasikia ufa. Sisi tunaofundisha watoto katika nchi ya Songea, mjini na vijijini, tumelisikia mara nyingi, na mara nyingi tumenyamaza kwa ajili ya amani. Sasa twaona kunyamaza hakufai tena, kwani gharama yake hailipwi na wasemaji, bali hulipwa na watoto.

Tena liko kosa la pili, ndugu pacha wa lile la kwanza. Wako walimu wa dini waandikishao watoto sala, walakini huandikisha kwa adhabu: aliyechelewa Misa, aliyecheka kanisani, aliyesahau wimbo, wote hukalishwa chini na kuambiwa, Andika Baba Yetu mara hamsini. Wale wa kwanza huitupa kalamu. Hawa wa pili huitumia kama fimbo. Leo twashindana na wote wawili.

Kwanza tuitazame hali ilivyo. Nenda katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, iwe Bombambili, iwe Lizaboni, iwe katika kigango cha shamba mbali na barabara ya lami. Utawasikia watoto arobaini au hamsini wakisali Salamu Maria kwa sauti moja. Sauti ni nzuri, mwalimu afurahi, mgeni asifu. Sasa mwite mmoja wao mbele, asali peke yake. Ataanza kwa ushujaa. Akifika katikati atasita, atatazama dari, atarudi mwanzo, kisha atanyamaza. Ni kwa sababu gani? Ni kwa sababu katika sauti ya wengi mdomo wa mmoja hubebwa, kama mtoto avushwaye mto mgongoni mwa baba yake. Afika ng'ambo salama, lakini hajui kuogelea.

Tena aliyeweza kumaliza, mpe karatasi na kalamu, aandike alichokisema. Hapo ndipo utakapoona ajabu. Wako watoto wengi watamkao l mahali pa r, nao wataandika Malia na lehema. Wengine wataandika zambi badala ya dhambi. Haya ni madogo, wala Mungu hakasiriki kwa herufi. Lakini yako makubwa zaidi. Neno nawe, ambalo maana yake ni pamoja na wewe, mtoto huliandika kana kwamba ni habari ya kunawa mikono. Neno utakalo hulikata vipande viwili, uta na kalo, na ukimwuliza kalo ni nini, hukujibu kwamba ni zile fedha za shule. Ponsyo Pilato hajui kama ni mtu au ni mji. Neno mzao hajalisikia popote ila katika sala hiyo moja. Na neno utuopoe hulipita kama mtu arukaye shimo usiku, asijue kina chake.

Yatazameni hayo, ndugu. Mdomo uliyaficha, kalamu imeyafichua. Mtoto huyo amesali miaka minne, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyejua kwamba anasema sauti tupu. Nani wa kulaumiwa? Si mtoto. Yeye ametupa alichokisikia. Sisi ndio tuliosikiliza kelele tukadhani ni maarifa.

Basi wasemao kwamba sala haziandikwi, na watuambie wanayo njia gani nyingine ya kulijua kosa lisilosikika. Mwalimu mmoja hawezi kumsikiliza kila mtoto peke yake kwa saa moja aliyopewa kila juma. Lakini madaftari arobaini aweza kuyachukua nyumbani, akayasoma kwa taa yake, na kila daftari litamwambia habari za mtoto mmoja.

Watajibu: Sala ni ya moyo. Nasi twasema, Naam. Lakini moyo hauombi kwa maneno usiyoyajua maana. Chukua neno hilo hilo, utuopoe. Mwambie mtoto alitazame limeandikwa. Mwulize, Ndoo ikikatika kamba na kuzama kisimani, watu hufanyaje? Atakuambia, Huiopoa. Basi mwambie, Sisi ndio ndoo, na maovu ndiyo kisima, na tunayemwomba ndiye mwenye mkono mrefu. Mtoto huyo hatalipita tena neno hilo kama shimo. Na kilichomfikisha hapo ni kule kulisimamisha neno mbele ya macho yake, litulie, likatwe vipande, lionekane. Neno lililonenwa huruka, na neno lililoandikwa hukaa likingoja kuulizwa.

Wengine husema kwamba jambo hili ni geni. Hao hawazijui habari za nchi yao. Wabenediktini waliingia Peramiho mwaka 1898, na Kigonsera mwaka uliofuata. Misheni ya Peramiho ikateketezwa katika vita vya Majimaji mwaka 1905, ikajengwa upya. Tangu hapo shule ndogo za vijijini zikaenea, na katika shule hizo herufi na sala zilikaa chini ya paa moja la nyasi. Mtu yule yule aliyemfundisha mtoto kuchora a na b juu ya kibao cha jiwe ndiye aliyemfundisha Baba Yetu. Hatusemi kwamba shule hizo zilikuwa na kila jema. Fimbo ilikuwa nyingi, na vibao vilikuwa vichache. Lakini mkono na ulimi vilifundishwa pamoja.

Mwaka 1969 mambo mawili yalitokea. Abasia ya Peramiho, iliyokuwa na mamlaka kama ya jimbo, iliondolewa mamlaka hayo, na jimbo la Songea likaundwa, ambalo mwaka 1987 likawa Jimbo Kuu. Na mwaka huo huo wa 1969 Serikali ilitunga Sheria ya Elimu, ambayo kwayo shule za misheni zilizopata msaada wa Serikali zikawa shule za umma. Hatuililii sheria hiyo, kwani iliwafungulia watoto wa dini zote mlango mmoja. Walakini tangu siku zile herufi zimebaki darasani, na sala zimebaki kanisani, na vitu vilivyokuwa ndugu vimekuwa majirani wasiosalimiana. Tangu mwaka 2015 watoto wa darasa la kwanza na la pili wamepewa mtaala uliosimama juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Juma zima mtoto huyo hushika kalamu. Siku ya mafundisho ya dini ikifika, kalamu huachwa nyumbani kana kwamba ni kiatu kichafu. Tunauliza: kwa nini? Nani aliyeamuru kwamba chombo bora kuliko vyote alivyonavyo mtoto cha kushikia neno kisiguse neno lililo bora kuliko yote?

Wala si sisi tu tuliofanya hivyo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, mfalme wa Israeli aamriwa kujiandikia nakala ya sheria, akae nayo na kuisoma siku zote za maisha yake. Mfalme alikuwa na waandishi, lakini aliagizwa ajipatie nakala iliyo yake. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya sita, yataja katika sura ya 55 vitu ambavyo abate humpa kila mtawa, na pamoja na kisu na sindano vimo kalamu na vibao vya kuandikia. Na wenzetu Waislamu wa pwani kwa muda wa karne nyingi wamewaandikisha watoto wa vyuoni aya juu ya ubao kwa wino. Mtoto huzisoma hata zikakaa kifuani, ndipo ubao huoshwa, akaandika nyingine. Je, hao wote hawakujua kwamba sala ni ya moyo? Walijua, tena walijua na njia iendayo huko.

Hata wataalamu wa siku zetu wamelichungua jambo hili. Katika chuo kikuu cha Indiana, Marekani, walitazama ubongo wa watoto wa miaka mitano ambao hawajajua kusoma, wakatangaza matokeo mwaka 2012. Waliona kwamba mtoto akiiandika herufi kwa mkono wake mwenyewe, sehemu za ubongo zitumikazo katika kusoma huamka akiitazama herufi ile baadaye. Akiibonyeza tu kwenye mashine, haziamki vivyo hivyo. Hilo walilijua mabibi zetu pasipo chombo cha kupimia ubongo, waliposema samaki mkunje angali mbichi.

Sasa tuje kwenye hoja iliyo nzito, kwani si uungwana kupigana na hoja dhaifu tu. Wako wasomi watuambiao kwamba Kanisa la kale lilikataza jambo hili hili. Nao wasema kweli. Mtakatifu Sirili wa Yerusalemu, katika karne ya nne, na Mtakatifu Augustino baada yake, waliwaagiza watu waliojiandaa kwa Ubatizo wasiiandike Kanuni ya Imani juu ya karatasi, bali waishike moyoni. Basi je, hoja yetu imekufa?

Haikufa. Tazameni walikuwa wakiogopa nini. Waliogopa karatasi ichukue mahali pa moyo. Tena waliogopa maneno matakatifu yaanguke mikononi mwa watu wa nje. Hofu ya pili leo haipo, kwani sala zimechapwa vitabuni, Peramiho na Ndanda, na kila mtu aweza kuzinunua. Hofu ya kwanza ipo, tena imezidi kuliko zamani, lakini si kalamu iletayo hatari hiyo. Mtazameni kijana ambaye sala zake zote zimo ndani ya simu yake. Ukimwomba aongoze Malaika wa Bwana, huingiza mkono mfukoni. Simu ikiisha moto, na sala imekwisha. Au mtazameni mtoto aliyegawiwa karatasi iliyotolewa nakala kwenye duka la mjini: ameikunja, ameitia katika mfuko wa kaptura, na Jumatatu imefuliwa pamoja na kaptura. Hao ndio wanaoiweka sala nje ya moyo, na kama Augustino angalikuwa hapa Songea angaliwakemea hao kwanza. Anayeandika kwa mkono ili ashike moyoni, kisha akafunga daftari na kuisema, huyo hajavunja agizo lake. Amelitimiza kwa njia nyingine. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1979 juu ya katekesi, aliutetea ukariri wa sala zilizo za lazima, pamoja na Amri Kumi na kanuni za imani, akataka vilevile yakaririwayo yaeleweke hatua kwa hatua. Ukariri na maana: hivyo viwili ndivyo tunavyovitaka, wala hatukubali kuchaguzwa kimoja.

Iko na hoja ya bibi. Watu husema: Bibi yetu hakujua hata herufi moja, na rozari yake haikukosa neno. Ni kweli, nasi twamheshimu bibi huyo kuliko walimu wengi wenye vyeti. Lakini alijifunzaje? Alijifunza kando ya moto, jioni kwa jioni, miaka na miaka, akiwasikia wazazi wake wakisali taratibu. Mpeni mtoto wa leo jioni hizo elfu moja, nasi tutaiweka kalamu chini bila kunung'unika. Ila nyumba nyingi siku hizi jioni hukaa mbele ya runinga, baba yu dukani, mama yu sokoni bado, na mtoto hulala kabla ya neno lolote kusaliwa. Mwenye kuondoa jioni za bibi asilete tena mfano wa bibi.

Na sasa wale wa pili, wenye kuifanya sala kuwa adhabu. Kwao maneno yetu yatakuwa makali, kwani wa kwanza wamekosa kwa kutojua, lakini hawa wameshika chombo kizuri wakakiharibu.

Mmepata kuutazama ukurasa wa mtoto aliyeadhibiwa? Hakuandika Baba Yetu mara hamsini. Aliandika neno Baba mara hamsini kutoka juu hadi chini, kisha akarudi juu akaandika neno la pili mara hamsini, kisha la tatu. Hajasali hata mara moja, wala hajaandika sala hata mara moja. Amelima matuta kama mfungwa, naye anayahesabu amalize aende zake. Na maadamu anayahesabu, moyo wake wajifunza neno moja kwa nguvu sana, nalo ni hili, kwamba Baba Yetu ni kitu cha uchungu wanachopewa wakosaji. Mmemfundisha kumwogopa Baba yake kwa maneno yale yale aliyopewa ili amkimbilie. Je, mama aweza kumchapa mtoto kwa mkate? Hata akiweza, mtoto huyo ataonaje hamu ya kula?

Kama ni lazima aadhibiwe, na afagie uwanja, au achote maji ya maua ya altare. Akiuchukia ufagio, hasara ni ndogo. Akiichukia sala, nani atakayemlipa?

Vilevile twawakemea wapimao sala kwa uzuri wa hati. Hati njema ni heshima, nasi twaipenda. Lakini yuko mtoto ambaye mkono wake ni mzito, ambaye herufi zake zapanda na kushuka kama Milima ya Matogoro, naye ameishika kila sehemu ya sala na kuielewa. Huyo asichekwe mbele ya wenzake. Na mtoto aandikaye kwa mkono wa kushoto asipigwe wala asilazimishwe. Muumba wake ndiye aliyemgawia mkono.

Basi ifanyweje? Tutasema kwa ufupi tunavyofanya sisi, na mwenye njia bora atufundishe.

Kwanza, mdomo utangulie. Sehemu moja ya sala isemwe, na maneno magumu yaelezwe kwa vitu ambavyo mtoto avijua: kisima, ndoo, shamba, deni. Pili, mwalimu aandike sehemu hiyo ubaoni kwa herufi safi, akiitoa katika kitabu kilichoidhinishwa na jimbo, wala asiitoe kichwani mwake, kwani kosa la mwalimu huzaa makosa hamsini. Tatu, watoto wanakili mara moja tu, polepole. Mara moja kwa makini yapita mara kumi kwa haraka. Nne, ubao ufutwe, daftari ligeuzwe, kila mmoja aandike kwa kukumbuka. Tano, ubao uandikwe tena, na kila mtoto asahihishe kazi yake kwa mkono wake mwenyewe. Mwisho wote wasimame, waweke kalamu chini, wafanye Ishara ya Msalaba na kusali yale waliyoandika. Neno hili la mwisho lisiachwe kamwe. Ukurasa usioishia katika kusali ni zoezi la hati tu, na hapo wale wasemao sala haziandikwi watakuwa wametushinda.

Je, muda watosha? Tuhesabu. Salamu Maria haifiki maneno 40. Ikigawanywa katika sehemu nne, yaani chini ya maneno kumi kila juma, yamalizika kwa mwezi mmoja. Zichukueni Baba Yetu, Salamu Maria, Atukuzwe, Sala ya Kutubu, sala za Imani, Matumaini na Mapendo zikihesabiwa pamoja kuwa moja, na Malaika wa Bwana. Hizo ni sita. Kanuni ya Imani ipewe miezi miwili. Jumla ni miezi minane. Mwaka una kumi na miwili, hata ukitoa majuma ya palizi na ya mavuno, ambayo watoto wengi wa kwetu huwa shambani pamoja na wazazi, bado mwaka watosha.

Na fedha? Daftari dogo moja la mwaka mzima halizidi sana bei ya chupa ya soda. Palipo na ufukara wa kweli, uko mchanga. Bwana wetu, mahali pekee Injili inaposimulia kwamba aliandika, aliandika kwa kidole chini, na hakuna aliyemwambia kwamba hana vifaa.

Tena daftari hilo lirudi nyumbani. Mtoto alisome mbele ya baba na mama. Tunazijua nyumba ambamo mzazi aliyeacha kusali tangu siku ya ndoa yake alianza tena kwa sababu ya kuulizwa na mwanawe maana ya neno moja.

Ndugu walimu na makatekista, jambo hili si la alama wala la mashindano ya parokia. Vigango vyetu vingi Jumapili havimwoni padre. Katekista huongoza ibada, na katekista akiugua huongoza yeyote ajuaye. Usiku mtu akizidiwa, mvua imenyesha, barabara haipitiki, majirani wa jumuiya hukusanyika kitandani pake. Hapo hakuna kitabu, na simu haina moto. Wote hutazamana: nani ajuaye? Siku ile, ndugu, sauti ya wengi haitambeba mtu. Atahitajika mmoja aliyewahi kuliandika kila neno kwa mkono wake, akalijua, na likakaa. Mmoja huyo leo ana miaka tisa, ameketi mbele yenu katika benchi, na kalamu yake mmeiacha nyumbani.

Mirudishieni kalamu yake. Na mwenye neno la kutupinga, ukurasa huu u wazi, nasi tutamjibu kwa adabu. Ila na aliandike kwa mkono wake.